Lori Lililovuta Kulia

Gari likishaingia shimoni likatoka, usiliamini kwa sababu tu linatembea. Hata mtu aliyevunjika mbavu hutembea. Hutembea mpaka pale atakapoangukia.

Mjukuu wangu alikuja hapa Itetemia na gari lake dogo, amegonga ukingo wa saruji wa barabara kule mjini. Hakuniambia. Nilimwona anavyoingia uani: gari linakwenda mbele, usukani umeinama upande kama kofia ya mlevi. Nikamuuliza, "Gari umelifanya nini?"

"Hamna kitu, bibi. Limegusa kidogo tu ukingo wa barabara. Linavuta kushoto, lakini nimeshalizoea. Nafika nalo Nzega, keshokutwa nalipeleka kwa fundi."

Nikamwambia alitoe nje, alipitishe polepole kwenye ule mchanga wa kando ya shamba la mihogo, asishike breki, ashuke. Akafanya huku anacheka. Nikainama nikamwonyesha. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa limekanyaga mchanga, likaacha meno yake yote. La kushoto halikukanyaga, lilifagia; mchanga ulikuwa umesukumwa upande mmoja kama umepitiwa na ufagio. Gurudumu linaloangalia kwingine halikanyagi, linaburuzwa. Nikamwambia huko chini kuna chuma kimepinda, na safari ya Nzega hakuna.

"Bibi, umekuwa fundi tangu lini?"

"Tangu siku niliyomzika wifi yangu."

Akaendelea kucheka mpaka alipoona ufunguo nimeufunga kwenye pindo la khanga. Hapo akanuna. Fundi alipokuja jioni alikuta tairodi, kile chuma kinachogeuza gurudumu, imepinda na rimu imebonyea kwa ndani. Mjukuu hakuniomba radhi na mimi sikumdai. Lakini niliona kwamba watoto wangu wote hawaijui habari hii, kwa sababu baba yao alinikataza kuisimulia. Baba yao ameshakufa. Kwa hiyo naiandika. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza nimeshazaa, kwenye darasa la watu wazima, na atakayeona mwandiko wangu ni mbaya asome hivyo hivyo.

Wakati ule tulikuwa tunakaa porini, upande wa Bukene, nyumba moja hapa na nyingine kule, kila mwenye nyumba na mizinga yake ya nyuki. Ikatangazwa kwamba watu wote wahamie kijiji kipya kando ya barabara, wakae pamoja na walime pamoja. Siyasemi vibaya maneno yale. Darasa nililosomea lilikuwa kwenye kijiji hicho hicho, na huko ndiko nilikoona maji yanatoka kwenye bomba. Nasema namna tulivyohamishwa.

Baba mkwe wangu alikuwa mrina asali, mzee mwembamba asiyesema sana, anayejua kila mnyama aliyepita usiku kwa kutazama chini. Alisema atahama akishavuna asali, maana ilikuwa imebaki wiki mbili tu. Asubuhi moja mgambo wakaja. Mkubwa wao alikuwa kijana wa upande wa Ziba, ana bunduki na viatu vya ngozi, wenzake wana marungu na wamevaa kandambili za tairi. Hakutusalimia. Alimkuta mume wangu mlangoni akamchapa kitako cha bunduki gotini ili atoke njiani, kisha wakatia moto kwenye paa. Mzee alikuwa na madebe mawili ya asali ndani. Aliingia kuyatoa, wakamvuta kwa shingo ya shati, akaanguka kifudifudi mbele ya wakwe na wajukuu. Asali ikaungua humo ndani. Harufu yake ilikuwa tamu, ndiyo iliyoniudhi kuliko moshi.

Mume wangu na ndugu zake walikuwa wanaume tisa, wote na mashoka. Hakuna aliyeinua mkono. Bunduki ilikuwa moja tu, lakini ilitosha. Lazima niliseme hilo mapema, kwa sababu hasira ile haikuisha. Tulipanda nayo kwenye lori.

Lori lilikuwa la serikali na dereva alikuwa Mzaramo, mtu wa pwani, ameletwa kufanya kazi Tabora. Wiki nzima alikuwa anahamisha majirani zetu, kwa hiyo tulimjua. Na kama mnavyojua, au kama hamjui basi mjue, sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani. Walifika huko wamechubuka mabega, wakapokelewa kwa matusi na chakula. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikamata kuku wako humdai. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kulala kwenye kitanda chako na kuiga ulivyokuwa ukikoroma, mpaka wafiwa wacheke. Na damu ya mtani haimwagwi.

"Pandeni, Wanyamwezi, pandeni!" alikuwa anapiga kelele siku ile, ingawa macho yake alikuwa hayapeleki kwenye moto. "Leo mpagazi ni mimi. Babu zenu wakiniona huko waliko watacheka meno yatoke."

"Babu zetu walikuwa wanafika na mzigo wao," nikamjibu. "Wewe hatujui."

"Mwanamke huyu mdomo wake ungefungwa gurudumu, ungefika Kigoma bila petroli."

Watu wakacheka. Nyumba zinaungua nyuma yetu na watu wanacheka. Ndiyo kazi ya utani.

Wanaume walikwenda na ng'ombe kwa njia ya mkato, kupitia msituni, tukutane mtoni. Wanawake, watoto na mizigo tukapanda lori. Mkubwa wa mgambo akakaa mbele na dereva. Wenzake walibaki kuchoma nyumba nyingine.

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulikuwa hatupatani. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumeshikana nywele kwa ajili ya chungu. Mahali pazuri kwenye lori ni nyuma ya kibanda cha dereva, unapata chuma cha kushika. Yeye aliwahi pale. Nikamsukuma kwa kiwiko.

"Toka. Nenda kule kwenye magunia yako ya karanga."

"Kule hakuna pa kushika, wifi."

"Shika karanga."

Akaenda kukaa upande wa kushoto, juu kabisa ya magunia, amenigeuzia mgongo. Mimi nikakaa pale mbele na mchi wangu wa kutwangia mapajani, kwa sababu kinu kilikuwa kimeungua na mchi ndio uliobaki.

Njia ile ilikuwa ya wapagazi wa zamani, imepanuliwa kwa majembe ya mkono. Kandokando yake kuna visima walivyochimba wao, vimekauka, nyasi zimevifunika. Dereva alikwepa kisiki. Gurudumu la mbele likapita salama, la nyuma kushoto likatumbukia kisimani. Lori likainama, watoto wakapiga kelele, kisha gurudumu likapiga jiwe la ukingo wa kisima na kutoka. Katika kutoka huko nilisikia mlio mmoja wa chuma, mwembamba, kama jembe linapogonga jiwe. Tukaendelea.

Hatukwenda mbali. Nilimwona dereva kupitia lile tundu la nyuma ya kibanda, ambalo kioo chake kilishavunjika zamani. Njia ilikuwa imenyooka, lakini mikono yake ilikuwa imeushika usukani umeinama kushoto, kama mtu anayekunja kona ambayo haipo. Akiulegeza kidogo, lori linakimbilia kulia. Akaachia usukani, akautazama unavyojizungusha wenyewe, akaushika tena. Akasimamisha lori na kuzima.

Alishuka akazunguka nyuma. Akatazama njia tuliyotoka, akatazama magurudumu. Akalala chali chini ya lori, upande wa kushoto. Wanawake wakaanza.

"Mzaramo amechoka, kalala!"

"Mleteeni mkeka!"

Alipotoka uso wake ulikuwa na vumbi, na jasho limechora mistari. Akasimama akatutazama sote, akasema, "Haya, shukeni wote mtembee. Hili gari leo litawaua, Wanyamwezi. Nitawaua wote nipumzike na midomo yenu."

Tulicheka sana. Mwanamke mmoja akamwambia, "Tuue basi, tumechoka kuungua." Mwingine akamrushia ganda la karanga. Angesema kwa namna gani nyingine? Wiki nzima hakuwa amesema nasi neno moja lisilo la utani. Ulimi wake kwetu ulikuwa na njia moja tu, na siku ile ukweli aliupitisha kwenye njia hiyo hiyo. Hakuna aliyeshuka.

Akarudi mbele, hakupanda. Wengine hawakusikia yaliyosemwa huko, kwa kelele za kuku na watoto. Mimi nilikuwa kwenye tundu. Nilisikia.

"Ndugu, springi ya nyuma kushoto imeachia," alimwambia mkubwa wa mgambo. "Bolti ya kati imekatika, ekseli imerudi nyuma upande mmoja. Gari linataka kwenda kulia, mimi nalivuta kushoto. Kwenye tambarare nitalishika. Kwenye mteremko wa mto sitalishika. Watu washuke."

"Unajua nyumba ngapi zimebaki leo?"

"Watu washuke kwanza, mizigo nitaivusha mwenyewe polepole."

Mlango wa pili ukafunguliwa. Viatu vikazunguka mbele ya lori. Nilisikia pigo, si la mkono, ni la kitu kigumu, na pumzi ya mtu ikitoka yote mara moja. Halafu la pili. Halafu yule kijana akasema, "Endesha."

Dereva alipopanda damu ilikuwa inamtoka mdomoni, inaangukia shati. Akageuka. Tukatazamana pale kwenye tundu, uso kwa uso, kama mimi na daftari hili. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtani, washushe wenzako."

Hapakuwa na utani katika sauti ile. Nilijua. Lakini pembeni yake kulikuwa na bunduki, na asubuhi ile nilikuwa nimeona wanaume tisa wanaiogopa. Nikamjibu, "Shuka wewe kwanza, mimi nitaendesha."

Utani ni kichaka kizuri. Nilijificha humo. Akanitazama kidogo, akageuka mbele akatia moto.

Mto wenyewe ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, lakini kingo zake ni ndefu. Tulipoanza kuteremka alikanyaga breki na ile ekseli, chuma kinachoshika magurudumu ya nyuma, ikateleza tena. Nilinusa mpira unaungua, gurudumu linasugua ubao. Usukani ukamponyoka mikononi. Lori likageuka kulia ghafla kama fahali aliyeumwa na nyuki, na mzigo wote ukaenda kushoto. Likalala upande wa kushoto.

Sitaandika kila kitu. Watoto walirushwa wakaangukia mchangani, wakapona. Mwanamke aliyesema tuue basi alivunjika taya. Wifi yangu alikuwa chini ya ubao wa pembeni, kifua chote, na magunia ya karanga yamepasuka juu yake. Karanga zilikuwa zinamwingia mdomoni. Nilizitoa kwa kidole nikidhani atapumua. Aliniuma kidole, akafa hajakiachia. Kovu lipo hadi leo, na huwa nawaambia watu ni la kisu.

Wanaume wakatokea msituni na ng'ombe. Walimwona dada yao. Mume wangu alilia kama sijawahi kusikia mwanamume analia. Mkubwa wa mgambo alikuwa amekaa kwenye jiwe, paji limechanika kidogo. Hakuna aliyemuuliza kitu, lakini yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Dereva wenu huyo. Alisema mwenyewe atawaua. Waulizeni wanawake."

Mume wangu akageukia wanawake. "Alisema?"

Wakatazamana. "Alisema," mmoja akajibu. "Lakini..."

Ile lakini haikumalizika. Walimvuta dereva kutoka kwenye kibanda kwa mguu. Walimpiga kwa fimbo za kuchungia, zile za mgunga zenye vifundo. Mwanzoni alikuwa anasema maneno, baadaye anatoa sauti tu. Kila mmoja alikuwa anapiga nyumba yake. Nilisikia shemeji yangu anasema, "Chukua moto wako! Chukua moto wako!" na yule Mzaramo hakuwasha hata kiberiti. Kisha mume wangu akamshika mkono wa kulia, akaulaza juu ya jiwe la mto, akasema, "Mkono uliomuua huu," akaupiga kwa nyuma ya shoka. Mara tatu. Mara ya tatu haukuwa mkono tena.

Baba mkwe alikuwa amesimama pembeni muda wote huo. Sasa akaja na panga. Wakampisha. Yeye ndiye mwenye binti, yeye ndiye wa kumaliza.

Nilikuwa nimekaa na kichwa cha wifi yangu mapajani. Ningeweza kubaki nimekaa. Nani angenilaumu? Hakuna aliyejua ninachokijua isipokuwa dereva, na dereva alikuwa anakufa, na mgambo, ambaye alitaka afe. Baada ya panga lile, kile nilichosikia kwenye tundu kingekuwa changu peke yangu. Nilipima. Sitasema uongo, nilipima.

Kisha nikaweka kichwa cha wifi chini, nikachukua mchi.

Wa kwanza kupigwa alikuwa mume wangu. Nilimpiga begani, shoka likamtoka. Shemeji akaja, nikampiga kiunoni akakaa. Mwingine alinishika khanga, nikampiga mkononi, nikasikia mfupa. Nilikuwa mwanamke mwenye nguvu, nimetwanga tangu nikiwa mtoto. Nikafika kwa mzee. Kwetu mke hamgusi baba mkwe, hampandishii sauti, hata njia anampisha. Nilimshika mkono wa panga kwa mikono yangu yote miwili, na vidole vyangu vina damu ya binti yake.

"Baba, huyu ni mtani. Damu yake haimwagwi."

"Alisema atatuua," mzee akasema.

"Kama alisema kwa utani, hana kosa la maneno. Kama hakusema kwa utani, basi alikuwa anatuonya. Chagua moja, baba. Na kama huniamini mimi, njia ile pale. Wewe si ndiye unayesoma chini? Nenda kasome."

Mkubwa wa mgambo akainuka kwenye jiwe. "Hakuna mtu kwenda popote. Mwanamke huyu ana wazimu."

Hilo ndilo lililomfanya mzee ashushe panga. Hakunitazama mimi, alimtazama yeye. Akasema polepole, "Kwa nini nisiende?"

Tukapanda ule mteremko: mzee mbele, mimi nyuma yake, na wanaume wengine wawili. Ng'ombe hawakuwa wamepita njia ile, kwa hiyo mchanga ulikuwa kama ulivyoachwa. Mzee alitembea ameinama, mikono mgongoni, panga bado linaning'inia. Alisimama akaonyesha kwa kidole cha mguu. Gari likiwa zima, gurudumu la nyuma hukanyaga alama ya la mbele, unaona njia moja kila upande. Hapa kulikuwa na njia nne. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yametembea yenyewe, upande wa kushoto, mbali na ya mbele kama upana wa kiganja.

"Kama fisi aliyepigwa mshale wa nyonga," mzee akasema. "Kichwa kinakwenda, matako yanafuata njia yao."

Tukafika pale liliposimama. Mzee akachuchumaa muda mrefu. Mgongo wa dereva ulikuwa umejichora mchangani, na visigino vyake viwili pale alipojisukuma aingie chini ya lori. Kulikuwa na tone la grisi. Nyayo zake zilizunguka mpaka mlango wake wa kulia. Pale pale, juu ya nyayo zake, kulikuwa na viatu vya ngozi vimetoka upande wa pili, vimesimama vimechimba kwa vidole. Na magoti mawili ya mtu aliyeanguka. Na kati ya magoti, damu, imekauka kuwa vishanga vidogo vya mchanga. Mzee alivigusa.

"Huyu alisimama mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza kutazama. Mara ya pili kukataa."

Halafu tukafuata nyuma mpaka kisimani. Huko nyuma ya kisima njia zilikuwa mbili tu, moja kila upande, safi. Jiwe la ukingo lilikuwa na kovu jeupe. Mzee akaokota kichwa cha bolti kwenye nyasi, kimekatika kama jino. Akaniuliza bila kunitazama, "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya kibanda, baba. Nilisikia yote. Aliniambia niwashushe."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga.

Tuliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wa mgambo, akamwonyesha ile bolti kwenye kiganja. Yule kijana akarudi nyuma na bunduki imeinuliwa. Wanaume walikuwa wameshaelewa kwa kutazama uso wa mzee, wakaanza kumzunguka na fimbo zile zile, zenye damu ile ile. Safari hii hawakuogopa. Akapiga risasi. Ilimpata ng'ombe wa shemeji shingoni, akaanguka magoti kwanza. Katika vurugu ile ya ng'ombe kijana akakimbia. Mzee alimrushia panga likampata mgongoni kwa ubapa, na hilo ndilo pigo pekee alilolipata. Wiki iliyofuata wakaja mgambo wengi, wakamchukua mzee, wakamrudisha baada ya siku nne hana meno ya mbele. Yule kijana nilimwona miaka mingi baadaye kwenye stesheni ya Bukene, amenenepa, ananunua machungwa. Alinisalimia.

Dereva tulimbeba kwa machela ya fimbo mpaka barabarani, akapata gari la kumpeleka hospitali. Hakufa. Mkono haukupona.

Siku ya kumaliza matanga ya wifi ilipokaribia, mzee, huku mdomo wake bado una vidonda, alituma mtu Tabora kumwalika yule dereva, mtani wetu. Hatukutegemea kama angekuja. Tukaandaa kila kitu kama inavyopasa. Kitanda cha wifi kilitandikwa ili mtani aje alale amwige. Jogoo mwekundu alifungwa mlangoni, mnene, mahali ambapo mtani hawezi kumkosa. Mimi niliandaa kwenye ungo jivu ambalo mtani humwagia wafiwa, ili animwagie. Nilitaka animwagie lote.

Alikuja. Alitoka kwenye basi akatembea, amevaa kanzu, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Watu wote wakamsubiri aanze, aseme ninyi Wanyamwezi mmeshindwa kuniua, aseme lolote. Wanawake walikuwa wameshaweka kicheko tayari kwenye midomo. Nikamsogelea na ungo wangu wa jivu.

Yule mwanamume alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi au zaidi. Akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mtani hampi mtani shikamoo. Shikamoo hupewa mkubwa wako, au mtu baki anayestahili heshima. Nikajibu, "Marahaba," kwa sababu salamu haiachwi bila jibu.

Alikaa kwenye kiti cha wageni. Aliwapa pole wafiwa mmoja mmoja, mume wangu akiwemo, kwa adabu. Chakula kilipoletwa akala kwa mkono wa kushoto, yeye Mwislamu, mbele ya watu, kwa sababu mwingine hakuwa nao. Mume wangu alitoka nje. Mzee alimuuliza dereva maswali juu ya springi na ekseli, akayajibu yote vizuri, kama mwalimu: usukani ukikaa upande, tazama mchanga, gari likivuta, usilizoee, lisimamishe, ukinusa mpira, umechelewa. Ndiyo haya niliyomfundisha mjukuu wangu. Kisha akaaga, akamshika mzee mkono, akaondoka kuwahi basi. Hakutuchukulia kitu.

Kitanda kilikuwa bado kimetandikwa. Jioni jogoo alikuwa bado pale mlangoni, amejizungusha kamba mguuni mpaka ameshindwa kusimama. Watu walikuwa wanampita kama hawamwoni. Nikaweka ungo chini, nikamfungua mwenyewe.